Paa la Gari Linapovuja



Mwezi huu tumeweka kando habari za lishe na chanjo ili tuzungumze juu ya gari. Tunajua baadhi yenu mtasema, "Gari ni kazi ya baba." Nasi tulisema hivyo hivyo. Lakini usiku mmoja wa Aprili tulikuwa tukimleta hospitali mama mjamzito kutoka kijiji kimoja juu ya Soni. Uchungu ulikuwa umekwisha kukaza, mvua ya masika inamwagika, mara maji yakaanza kumdondokea usoni kutoka kwenye paa la gari. Tukamfunika kwa khanga, khanga ikaloa. Tukatoa vifaa kwenye beseni, tukakinga maji kwa beseni.

Alifika salama, na mtoto wa kike alizaliwa alfajiri. Mungu apewe sifa. Lakini mama yule alifika akitetemeka kwa baridi, na neno aliloliacha kwetu hatujalisahau: "Nilidhani mmenichukua kwa gari, kumbe mmenibeba kwenye mvua."

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, tunasoma habari za watu wanne waliolifungua paa la nyumba kule Kapernaumu ili wamteremshe mgonjwa mbele ya Yesu. Wale walitoboa paa kwa upendo, mgonjwa akapona. Sisi tulikuwa na paa bovu tuliloliacha kwa uzembe, mgonjwa akaloa. Tena tulikuwa tumelijua tangu Novemba.

Ndiyo sababu tunaandika. Magari mengi yanayokuja nchini kwetu ni ya mitumba kutoka Japani, na baadhi yana lile dirisha la kioo juu ya paa, ambalo mafundi hupenda kuliita sanrufu. Anayelinunua hulifurahia. Baada ya miaka michache linaanza kuvuja, na mama wa nyumbani ndiye anayehangaika na viti vilivyoloa na watoto wanaokohoa.

MAJI HAYATOKI PALE YANAPODONDOKEA

Sisi wauguzi tulifundishwa kwamba homa si ugonjwa bali ni dalili. Ukimpa mtoto dawa ya kushusha homa bila kutafuta kinacholeta homa, utamwona amepoa mchana na usiku imerudi. Kwa gari letu tulisahau somo hilo. Tuliona maji yakidondoka juu ya kiti cha mbele, tukaweka taulo. Desemba tulinunua silikoni, ile inayotumika kwenye madirisha ya nyumba, tukapaka kuzunguka kioo chote. Tukajipongeza. Aprili ikatuumbua.

Kumbe hatukujua dirisha la paa lilivyotengenezwa. Kabla hujampa fundi hela, elewa mambo haya machache.

Kioo cha paa kina raba pembeni, lakini raba ile haikuwekwa ili izuie kila tone. Chini yake kuna fremu yenye mfereji, kama gata ya nyumba, inayopokea maji machache yanayopenya. Katika pembe za mfereji ule, kwa kawaida pembe zote nne, kuna vitundu vilivyounganishwa na mirija ya mpira au plastiki. Mirija miwili ya mbele hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, ikatokea chini karibu na bawaba za mlango au karibu na tairi. Miwili ya nyuma hushuka ndani ya nguzo za nyuma. Gari likiwa zima, maji huingia na kutoka bila wewe kujua.

Mrija ukiziba, mfereji hujaa kama beseni, kisha maji humwagikia ndani. Hapo hutua juu ya silingi ya gari, yaani ule ubao mwepesi uliofunikwa kitambaa juu ya vichwa vyetu. Ubao huyanywa, huyatembeza, halafu huyadondosha mahali pa chini kabisa, pengine hatua nzima kutoka yalikoingia. Ndiyo maana unaweza kuona kiti cha kushoto kimeloa na kosa likawa kulia.

Huku kwetu mirija hiyo huziba upesi. Gari linashinda Mombo na Korogwe likikusanya vumbi, kisha linapanda milimani na kulala chini ya misonobari na mikaratusi. Vumbi na majani membamba yakichanganyika na maji huwa tope, na tope hukauka kama udongo wa kukandika. Sehemu zenye mvua za Usambara Magharibi hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo tope hilo halikosi maji ya kulijaribu.

Lakini usimlaumu mrija kabla hujapima. Mombo ipo kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Lushoto ni kama mita 1,400. Ukipanda jioni na watu watano madirisha yote yamefungwa, pumzi za watu hugusa paa lililopoa na kugeuka matone. Huo si uvujaji. Fungua dirisha la pembeni kidogo, yataisha. Ila kama gari limelala bila mtu na asubuhi kiti kimeloa, hapo pana uvujaji.

KIKOMBE CHA MAJI NA MACHO MAWILI

Fundi wa kwanza tuliyemwendea alitazama juu kwa dakika moja, akasema paa zima libadilishwe, laki saba. Tulipouliza sababu, akajibu, "Mama, labda nizungumze na baba." Tukamshukuru, tukaondoka. Hatumsemi vibaya. Tunachosema ni kwamba fundi asiyeweza kukueleza kosa, mara nyingi bado hajaliona.

Wa pili alikuwa kijana wa rika la watoto wetu. Alitusalimia shikamoo, akaomba kikombe cha maji ya kunywa. Tulidhani ana kiu. Kumbe alilifungua dirisha la paa kwa kulisukuma taratibu, akamimina maji kidogo kidogo kwenye pembe moja ya mfereji, akatuambia, "Mama mmoja achuchumae pale tairini aniambie anaona nini."

Jaribio hilo mnaweza kulifanya hata ninyi, watu wawili. Mimina nusu kikombe kwenye kila pembe. Maji yakitoka chini ya gari upesi, mrija ni mzima. Yakitoka kwa kusuasua, umeanza kuziba. Yakisimama, umeziba kabisa. Na kama yanapungua kwenye mfereji lakini chini hayatoki, yanaingia ndani ya gari, yaani mrija umechomoka au umepasuka.

Kwetu mirija ya nyuma ilikuwa mizima. Wa mbele kushoto ulikuwa umeziba, na wa mbele kulia umechomoka mahali pake. Ile silikoni yetu ilikuwa imetufunika macho tu. Mbaya zaidi, tonge moja la silikoni lilikuwa limeingia kwenye kitundu cha kushoto na kukifunga.

Kuzibua mrija si kazi ya nguvu. Kijana alitumia uzi mnene wa nailoni, akausukuma polepole huku akiuzungusha. Alitukataza kutumia waya mkali, kwa sababu hutoboa mrija ndani ya nguzo mahali usipoweza kuufikia. Alikataza pia kupuliza kwa upepo mkali wa kompresa, kwa kuwa unaweza kuuchomoa mrija kwenye kiungo chake. Baadaye alimimina maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka yakatoka safi.

Kisha akatuonyesha kosa la tatu. Kioo chenyewe hakikuwa kimekaa sawa. Upande mmoja ulizama kuliko mwingine, kwa sababu kipande cha plastiki kinachotelezesha kioo kwenye reli kilikuwa kimevunjika. Kioo hukaa vizuri kikiwa sawa na paa, makali ya mbele yakiruhusiwa kuwa chini kidogo sana na ya nyuma juu kidogo sana, ili upepo wa mwendo usiyasukume maji ndani.

Kijana akauliza, "Mama, kuna mtu aliwahi kukiegemea kioo hiki?" Tukatazamana. Jibu tulikuwa nalo, ila tulilinyamazia. Tutalirudia.

KUISHUSHA SILINGI BILA KUIVUNJA

Kubadilisha kile kipande cha plastiki kulifanyika kutoka juu. Kioo kilifunguliwa skrubu zake na kuinuliwa, wala silingi haikuguswa. Kumbukeni hilo, kwa maana kuna fundi atakayetaka kushusha kila kitu wakati kazi ni ya juu tu. Kipande tuliagiza Ilala, Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea za magari yaliyotumika. Fundi alihakikisha pande zote mbili za reli zinakwenda pamoja kabla ya kukaza, kwa kuwa upande mmoja ukitangulia kioo hukwama kimepinda. Akafuta grisi ya zamani iliyokuwa imeganda, akaweka mpya kidogo.

Lakini mrija uliochomoka ulikuwa juu ya ubao wa silingi, hivyo ilibidi ubao ushuke. Hapa ndipo magari mengi huharibiwa. Ubao ule ni wa nyuzi zilizogandamizwa na gundi, mwepesi kama katoni. Ukikunjwa mara moja huacha mkunjo usiotoka, na ukiwa umeloa huvunjika. Tuliona mambo haya yakifanyika, nanyi myadai:

Kwanza, betri ikatolewe waya wake hasi, kisha fundi angoje dakika kadhaa. Magari mengi yana mifuko ya hewa ya usalama iliyofichwa pembeni mwa paa na ndani ya nguzo. Ikifyatuka wakati mtu ana uso hapo, humjeruhi vibaya. Mifuko hiyo isivutwe wala isibanwe, na hakuna kitu kinachotakiwa kuwekwa mbele yake.

Pili, viondolewe kwa utaratibu vile vizuia jua, vishikio vya mkono, taa ya ndani, na vifuniko vya nguzo. Kila skrubu iwekwe kwenye kikopo chake na kikopo kiandikwe. Sisi tulitumia vikopo vya maziwa ya watoto, kazi yetu ya kwanza ya maana siku ile.

Tatu, kama kinachohitajika ni pembe ya mbele, ubao ushushwe mbele tu, watu wawili wakiushika kwa viganja vilivyofunguliwa, si kwa ncha za vidole. Ukitolewa wote, viti vilazwe na ubao utokee mlango wa nyuma ukiwa bapa, kama mnavyotoa godoro mlangoni bila kulikunja.

Mrija ulirudishwa kwenye kiungo chake na kufungwa kwa kibano. Kabla ya kurudisha ubao tulimimina tena kikombe kwenye kila pembe. Usikubali silingi ifungwe kabla ya jaribio hilo la pili. Ni kama kumshona mgonjwa kidonda kabla ya kuhakikisha damu imekoma.

KITAMBAA KILICHONING'INIA

Kitambaa cha silingi kilikuwa kimeachia na kuning'inia mpaka kinamgusa dereva kichwani. Kwa nini? Kati ya kitambaa na ubao kuna sponji nyembamba sana. Joto la miaka mingi na unyevu huila sponji hiyo ikawa unga, na kitambaa hakina tena cha kushikilia. Kwa hiyo kupaka gundi mpya juu ya unga wa zamani ni kazi bure. Itashika wiki mbili.

Ubao ulikaushwa ukiwa bapa, kivulini penye upepo, siku mbili. Kitambaa cha zamani kilibanduliwa na unga wa sponji ukapanguswa kwa brashi laini, nje ya nyumba. Mwenzetu mmoja alijitolea kipande cha kitenge kizuri. Fundi wa viti akakikataa kwa upole, akasema kitambaa kisicho na sponji huonyesha kila kidonge cha gundi na kila bonde la ubao. Tulinunua kitambaa chenye sponji mgongoni na gundi inayostahimili joto. Gundi isiyostahimili joto huachia gari likisimama juani Mombo saa nane mchana.

Jambo moja tunaliomba kama wauguzi: msishikize kitambaa kwa pini. Tumeona magari mengi yaliyofanywa hivyo. Gari likiruka shimo pini huchomoka, na chini yake kuna macho ya mtoto aliyelala chali mapajani mwa mama yake.

AFYA YA WANAOPANDA

Silingi iliyoloa muda mrefu huota ukungu, zile doa nyeusi na harufu ya ghala la viazi. Mtoto wa mwenzetu, mwenye pumu, alibanwa kifua mara mbili ndani ya gari hilo mwezi Machi. Tulisema ni baridi ya mlimani. Sasa tunaamini ukungu ulichangia, maana ukungu ni kitu kinachojulikana kuamsha pumu, na sisi tulimfungia nao madirisha yamepandishwa.

Basi, anayesafisha avae barakoa na kufunika nywele. Mtoto, mama mjamzito na mwenye pumu wakae mbali. Sehemu ngumu zioshwe kwa maji na sabuni, kisha zikaushwe kabisa. Dawa ya klorini ya kufulia isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Gundi ipakwe mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, na gari liachwe milango wazi mpaka harufu iishe.

Kama kioo cha paa kimevunjika, mara nyingi husambaa kuwa vipande vidogo vidogo, navyo huingia kwenye mishono ya viti. Vaa glavu, ondoa vikubwa kwa mkono, kisha fagia na upanguse kwa kitambaa kilicholoa utakachokitupa. Mtoto asikae pale mpaka umepapasa kiti chote, ukiwa bado na glavu.

LILE JIBU TULILOLINYAMAZIA

Gari lile ni mali ya mwenzetu na mumewe, nao hulitoa kwa kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Oktoba lilitumika kwenye harusi. Vijana wa matarumbeta wakaomba wasimame kwenye dirisha la paa wakipiga, nasi akina mama tukaona inapendeza, tukakubali. Kijana mmoja akaegemea kioo, tukasikia "ta!" Tukatazamana kama tulivyotazamana mbele ya fundi. Tukakubaliana tusimwambie baba mwenye gari. Tuliita kumpumzisha mawazo.

Tangu siku hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kutolipeleka gari kwa fundi, maana fundi angeuliza. Taulo, silikoni, beseni, vyote vilikuwa vya kulifunika neno moja. Na mama yule wa Soni akalipa kwa baridi.

Mungu alituhurumia. Kijana yule angeweza kutupwa nje kwenye kona za barabara ya Soni, zile zinazopakana na bonde. Magari ya watalii yanayopanda kwenda Mkomazi au Serengeti yametengenezwa ili watu wasimame na kutazama wanyama. Gari la familia halikutengenezwa hivyo. Watoto wasitoe kichwa wala mkono kwenye dirisha la paa gari likitembea, na wasiachiwe swichi yake. Magari mengine ya zamani hayajui kusimama yakikuta kidole au shingo.

Tulikwenda watatu jioni moja, mwenzetu akiwa katikati, tukamweleza mumewe yote. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba chai ilipoa. Kisha akasema, "Mngeniambia Oktoba, ingekuwa kazi ya nusu siku." Hakufoka. Afadhali angefoka. Keshoye alitoa fedha za spea, nasi tukachangia kitambaa na ufundi. Vyote kwa pamoja havikufika hata nusu ya zile laki saba.

Sasa dirisha linafunga sawasawa. Tumekubaliana na mwenye gari litoe mwanga tu, na fyuzi yake imetolewa ili lisifunguliwe. Lakini mirija inatunzwa, kwa maana hata dirisha lisilofunguliwa hupokea maji. Kabla ya vuli na kabla ya masika tunapangusa mfereji na kumimina kikombe kwenye kila pembe. Ni kazi ya robo saa.

Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10 mstari wa 18, kinazungumza juu ya mvivu ambaye paa lake huharibika na nyumba yake kuvuja. Someni mstari huo nyumbani na mume na watoto. Kisha kila mmoja ajiulize ni kitu gani kinachodondoka hapo nyumbani ambacho mmekuwa mkikiwekea taulo. Huenda si paa. Huenda ni deni la kikundi, au mtoto aliyefukuzwa shule, au uvimbe uliousikia kifuani na hujamwambia mtu. Mama, tafuta yanakoingia maji, useme mapema, wakati bado ni kazi ya nusu siku.

Mtoto yule wa kike aliyezaliwa Aprili anakua vizuri. Tulipokwenda kumwona, mama yake alilizunguka gari, akatazama juu, akacheka: "Leo naweza kupanda bila mwavuli?" Tukamfungulia mlango.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.